Msaada Siku ya Maradhi ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ammaa baad.

Ndugu Waislamu, mliohudhuria msikitini nanyi mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu, tumche Mwenyezi Mungu. Leo tunapenda kuzungumza juu ya amana. Si ile tu ya mtu kuwekewa fedha na jirani yake, bali amana ambayo taifa zima hukabidhiwa siku ya maradhi.

Tarehe 16 Machi, 2020, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19. Tarehe 24 Julai, 2021, zilipokelewa Dar es Salaam dozi 1,058,400 za chanjo, zilizotolewa na Marekani kwa njia ya COVAX, mpango wa mataifa wa kugawana chanjo. Tarehe 7 Septemba mwaka huo, Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola za Kimarekani milioni 567.25. Fedha hizo, kiasi cha shilingi trilioni 1.3, zilipangiwa mitambo ya oksijeni, magari ya wagonjwa, vyumba vya wagonjwa mahututi, miradi ya maji, na madarasa 15,000 ili watoto wasibanane.

Wako waliouliza: Je, yajuzu Mwislamu kupokea kinga ya maradhi kutoka kwa asiyekuwa wa dini yake? Jawabu tunalipata katika Hijra. Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka kwenda Madina, aliyemwongoza njia alikuwa Abdullah bin Uraiqit, mtu ambaye hakuwa Mwislamu. Mtume alimwajiri kwa ujuzi wake na uaminifu wake.

Wengine wakasema kwamba kujikinga ni upungufu wa tawakuli. Hao nao wakumbuke safari ya Sayyidna Umar (R.A.) kwenda Sham. Alipofika Sargh alipata habari kuwa huko kuna tauni. Akataka shauri, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa anaiacha kadari moja ya Mwenyezi Mungu na kuiendea nyingine Yake. Basi kupokea msaada ni halali, na kujikinga ni katika dini.

Lakini, ndugu zangu, kupokea ni nusu moja ya jambo, nayo ni nusu iliyo nyepesi. Fedha zile za mwaka 2021 hazikuwa zawadi, zilikuwa mkopo. Na dawa ya deni ni kulipa. Miongoni mwa watakaobeba mzigo huo ni watoto walio leo migongoni mwa mama zao. Kwa hiyo amana hii ina wenyewe wawili: mgonjwa anayeihitaji leo, na mtoto atakayeilipia kesho. Mwenye kuiba mfuko mmoja wa saruji ya darasa, au boksi moja la dawa, amewadhulumu wote wawili. Na aliyemwibia jirani yake anajua mlango wa kuubisha ili kuomba radhi. Aliyeiba mali ya umma ataubisha mlango wa nani?

Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alikasirika, akauliza iwapo mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hizo zingemfikia? Swali hilo na ajiulize kila mwenye ufunguo wa ghala na kila mwenye kalamu ya kutia saini.

Wala asidhani mtu kuwa amana hii ni ya wakubwa peke yao. Mwaka 2023 maradhi ya Marburg yalizuka mkoani Kagera. Yalitangazwa tarehe 21 Machi. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kuwa yamekwisha. Walioambukizwa walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki. Wakati ule hapakuwapo dawa wala chanjo iliyoidhinishwa ya maradhi hayo. Kinga kubwa ilikuwa kumtenga mgonjwa, kuwafuatilia waliomgusa, na watu kusema kweli walikuwa wapi na nani. Mataifa yanaweza kutuletea mavazi ya kinga na wataalamu; ukweli wa ulimi hauletwi na meli wala ndege. Huo hutoka nyumbani mwetu.

Basi mwenye kuficha mgonjwa amekhini. Mwenye kueneza uvumi asiouhakikisha, hata watu wakaiacha chanjo ikaharibika, amekhini. Na mwananchi anayeitwa mkutanoni kusomewa mapato na matumizi ya zahanati yake, akakaa barazani, naye ameiacha amana bila mlinzi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, kuzifikisha amana kwa wenyewe. Na amri hiyo haikumbagua mdogo wala mkubwa.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, walipe kheri waliotusaidia, na utujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuchunga amana. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.