Somo juu ya Wema wa Kila Siku mbele ya Jirani



Leo twataka kujibu swali ambalo wengi wenu hujiuliza: Mtu asiyejua kuhubiri, wala kusoma, aweza kumsaidia jirani yake apate kumjua Mungu? Twajibu: Aweza. Neema ya Mungu ndiyo igeuzayo moyo. Lakini mara nyingi Mungu hupenda kuipitisha neema hiyo katika mikono ya watu wa kawaida, iliyozoea jembe na wavu.

Tuwatazame watu wanne wa pwani yetu hii. Jimbo la Uvira lilikuwa halijatimiza miaka mitatu vilipofika vita vya waasi walioitwa Simba. Jumamosi, tarehe 28 Novemba 1964, gari la waasi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Mkubwa wao alimwamuru Bruda Vittorio Faccin, Mwitalia wa miaka 30, apande garini. Bruda alikataa, akapigwa risasi, akafa palepale. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha watu, maana kesho yake ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Alitoka, akamwona ndugu yake amelala chini. Naye alipoamriwa kupanda, alisema kwamba wakitaka kumwua, na afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya maiti, akauawa. Jioni ileile gari lilikwenda Fizi. Padri Giovanni Didoné aliwafungulia mlango. Akauawa yeye, na pamoja naye Abbé Albert Joubert, mzaliwa wa ziwa hili letu, upande wa Moba, ambaye baba yake alikuwa Mfaransa na mama yake, Agnes Atakaye, mwanamke wa huku.

Tarehe 18 Agosti 2024, katika mji wa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenyeheri, kwa jina la Papa Fransisko.

Basi, msikiapo habari hii msijidanganye mkisema: Hao ni wafiadini, sisi ni wavuvi tu. Tazameni vema walikuwa wakifanya nini siku ile. Mmoja alikuwa akisikiliza dhambi za watu, mwingine alifungua mlango. Hizo ndizo kazi walizozifanya jana yake na juzi yake. Kama Padri Didoné angekuwa mtu wa kuchagua nani wa kumfungulia, mkono wake ungekwenda kwenye komeo jioni ile? Sisi twadhani mkono ulikuwa umezoea.

Nanyi mmebishiwa hodi. Mwaka 1996 wengi wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakapokewa na Watanzania. Mwaka 2015 Warundi walivuka mto Ruzizi wakikimbia ghasia za kwao. Kambi ilifunguliwa Lusenda, lakini wengi walilala katika nyumba za wenyeji, wakala ugali wa muhogo na ndagala za wenye nyumba. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua nyumba na watu, na waliobakiwa na paa walipokea watoto wa wengine.

Mgeni aliyelala kwako miezi mitatu amekuona kuliko padri wako. Amesikia unavyosema na mke wako asubuhi, chakula kinapopungua. Ameona kama baada ya sala ya jioni wampunja mtoto wake kipande cha samaki. Yuko mkristu asiyekosa Misa, lakini humwuliza mtu kabila lake kabla ya kumpa maji ya kunywa. Huyo naye afundisha. Jirani ajifunza kwake kwamba ubatizo haukubadili kitu.

Lakini wema usiwe chambo. Usiku mwaziona taa za wavuvi ziwani: ndagala huifuata nuru, wakaishia wavuni. Mkristu asimtendee jirani hivyo, kumpa unga leo ili kesho amdai aje kwenye mafundisho. Umpe unga kwa sababu ana njaa. Akikuuliza kwa nini wafanya hivyo, umweleze, asipouliza, umwombee.

Mtu mmoja atasema: Na kama nimemfungulia, naye akaniibia? Yawezekana. Sufuria hupotea, na kuku pia. Hatuwaambii mlale milango wazi usiku wa vita. Hata mkristu ana haki ya kufunga komeo. Twasema juu ya yule ambaye mwamjua, na njaa yake mwaijua, na bado mwangoja kwanza jirani mwingine amfungulie.

Somo lijalo litahusu Sakramenti ya Kitubio, kazi ambayo Padri Carrara alikuwa akiifanya gari liliposimama Baraka. Wakatekumeni wampelekee katekista maswali yao kabla ya Dominika. Mungu awabariki.