Kabla ya Kuandika Neno "Dawa" Katika Kitabu cha Zamu



Tuchukue mfano. Ni saa nane za usiku katika mtaa wa Kinindo, kusini mwa Bujumbura. Doria inaitwa. Mtu yu uchi katikati ya barabara, anapiga milango ya watu kwa mawe, amekwisha kumng'ata mlinzi wa usiku, wala hasikii amri wala maumivu. Anapotiwa pingu, majirani wanasema kwa sauti moja: "Amekula dawa." Neno hilo huingia moja kwa moja katika kitabu cha zamu. Je, ni nani aliyelithibitisha?

Tarehe 26 Mei 2012, mjini Miami, Marekani, mtu aliye uchi alimshambulia maskini asiye na makazi na kumtafuna uso mchana kweupe, hata polisi akampiga risasi akafa. Kiongozi wa chama cha askari wa huko alisema huenda amekula zile ziitwazo "chumvi za kuogea". Hizo ni dawa za kutengenezwa, za ukoo wa kathinoni, kemikali iliyomo katika majani ya miraa. Dunia nzima ililipokea neno hilo, na sisi watangazaji tukalirudia bila kuuliza. Tarehe 27 Juni yakatoka majibu ya maabara: haikuonekana dawa ila bangi. Hata hivyo wataalamu wengine walionya kwamba huenda ilikuwapo dawa mpya isiyoonekana kwa vipimo vile.

Onyo hilo lilikuwa na maana. Maabara huona kile inachokijua. Kipimo cha haraka cha mkojo hutambua dawa za ukoo uliozoeleka. Mashine kubwa hulinganisha sampuli na orodha ya kemikali zilizokwisha kujulikana. Mtengenezaji akigeuza sehemu ndogo tu ya kemikali yake, kipimo huweza kunyamaza. Umoja wa Mataifa umekwisha kuorodhesha dawa mpya za namna hii zaidi ya 1,000. Majani yaliyoitwa "Spice" yaliuzwa Ulaya kama ubani kwa miaka kadhaa, na kemikali iliyonyunyiziwa humo ikatambuliwa mwishoni mwa 2008 tu.

Kwa hiyo kimya cha maabara hakimsafishi mtu, na kelele za majirani hazimtii hatiani.

Mara nyingine dalili hutoka mahali pasipotazamiwa. Mjini Kinshasa, mwaka 2021, dawa iitwayo "bombé" ilitengenezwa kwa kusaga kitu kilichomo katika bomba la moshi la gari. Mwizi wa vipuri na muuza dawa wakawa jambo moja. Hapa kwetu vijana hutaja "boost", yaani heroini iliyochanganywa. Lakini heroini humlegeza mtu na kumsinziza. Anayekimbia uchi huku akipiga mayowe ana jambo jingine, au ana zaidi ya jambo moja.

Na jambo hilo laweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, ambayo katika bonde la Imbo si ngeni. Laweza kuwa sukari iliyoshuka, au ugonjwa wa akili unaotibiwa pale Kamenge. Mtu wa namna hii akilazwa kifudifudi, na askari watatu wakamkalia mgongoni, aweza kufa kabla daktari hajafika. Hapo kesi inageuka, na anayeulizwa ni askari. Akiisha kudhibitiwa, alazwe ubavu au aketishwe, apelekwe hospitali kwanza.

Damu na mkojo vichukuliwe na mganga mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi hutoweka katika damu kwa saa chache. Chombo kifungwe kwa lakiri, kiwekwe penye baridi, saa iandikwe. Zaidi ya yote tafuteni mabaki: kipande cha sigara, karatasi, chupa. Mkemia huutambua unga wenyewe kwa urahisi kuliko alama yake ndani ya damu. Na katika kitabu cha zamu yaandikwe yale askari aliyoyaona kwa macho: jasho, macho, maneno, mwendo. Nafasi ya sababu iachwe wazi hata majibu yarudi.