Karamu ya Ukumbusho wa Marehemu Wetu wa Makobola
Mazungumzo ya mmoja wa wakatekista katika siku za Yubile



Nimeombwa niseme neno juu ya jambo lililozungumzwa katika mashirika yetu kuliko mengine yote wakati wa kutayarisha Yubile hii. Je, inafaa kufanya karamu, pamoja na chakula na ngoma, kwa ajili ya watu waliouawa? Wengine wamesema: ndiyo, maana Yubile ni wakati wa furaha. Wengine, hasa mama wajane, wamesema: mahali palipomwagika damu hapapigwi ngoma. Ndugu zangu, pande zote mbili zinastahili kusikilizwa, kwa sababu zote mbili zinasema kwa upendo wa marehemu walewale.

Tuseme kwanza habari yenyewe, kwa kuwa wako hapa vijana wengi waliozaliwa baadaye. Tangu tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, wakati wa vita, askari waliingia katika vijiji vyetu wakaua watu wasio na silaha. Habari za kwanza zilizotoka zilitaja watu zaidi ya 500. Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitangaza ripoti inayoitwa Mapping, juu ya maovu yaliyotendeka katika nchi yetu tangu mwaka wa 1993 hadi 2003. Ripoti hiyo yasema kwamba raia zaidi ya 800 waliuawa katika Makobola II, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi, nayo inawataja askari wa RCD pamoja na wa Rwanda na wa Burundi. Miezi minne mbele ya hapo, tarehe 24 Agosti 1998, wakristu wa Kasika, katika Mwenga, walikuwa wamekwisha kuonja kikombe hichohicho: padri wao, masista, Mwami wao na watu wengi sana waliuawa.

Angalieni vema tarehe za msiba wetu. Ni siku za Bonane, wakati kila mzazi anatafutia watoto nguo na kitoweo. Tangu mwaka ule, mwisho wa mwaka katika Makobola una nyuso mbili: nyumba moja inapika, nyumba ya jirani inalia, na yule anayepika anaona haya mbele ya yule anayelia. Basi, swali la karamu halikuletwa na Yubile. Tunaishi nalo kila Desemba, ila hatukuthubutu kulisema kwa sauti.

Wazee wetu walituachia hekima juu ya kilio. Mtu akifa, watu wanalala matanga, jamaa wanakusanyika, madeni ya marehemu yanajulikana, watoto wake wanapata wa kuwatunza. Kisha siku inafika ya kuondoa matanga: watu wanakula, wanakunywa, ngoma inalia, na mjane anarudi shambani akijua ya kuwa ukoo mzima umeshuhudia uchungu wake. Karamu hiyo haikuwa dharau kwa marehemu. Ilikuwa ndiyo heshima yake ya mwisho. Lakini wafu wetu wa 1998 nani aliwalalia matanga? Wengi walizikwa kwa haraka, pamoja, bila sala na bila jamaa. Waliopona walikimbilia milimani, au walivuka ziwa hadi Kigoma wakaishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi. Kilio hakikuanza sawasawa, kwa hiyo hakikuweza kuisha. Anayesema leo kwamba tusifanye karamu, asema kweli kwa upande mmoja: hatuwezi kuondoa matanga ambayo hayajawekwa.

Kanisa nalo lina hekima yake. Tangu zamani za mateso, wakristu wa Roma walikusanyika penye makaburi ya wafiadini wao katika tarehe waliyouawa. Tarehe hiyo waliiita kwa kilatini dies natalis, yaani siku ya kuzaliwa, kwa kuwa waliamini ya kwamba marehemu amezaliwa mbinguni. Na Bwana wetu mwenyewe, alipotaka tumkumbuke, alituachia meza, na mkate, na divai. Kila Misa ni karamu ya kumkumbuka Mtu aliyeuawa pasipo kosa. Basi asiweko mkristu wa kusema kwamba meza na msalaba haviwezi kukaa pamoja.

Sisi wa Jimbo la Uvira tumeliona jambo hili kwa macho. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, waliuawa mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, na bruda Vittorio Faccin, Waxaveri wote watatu. Na pamoja nao padri Albert Joubert, mtoto wa ziwa hili letu la Tanganyika. Wawili walianguka Baraka, wawili Fizi. Huko Baraka, padri Carrara alikataa kuondoka na kuiacha maiti ya bruda mwenzake. Karibu miaka 60 ilipita. Kisha, tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo alikuja Uvira akawatangaza kuwa Wenye Heri. Siku ile watu walilia, na watu walicheza, na hakuna aliyeona aibu. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya vigelegele majina yao manne yalitajwa mbele ya wote, pamoja na maisha yao na kifo chao.

Hapo, ndugu wapenzi, ndipo ninapoona jibu letu. Majina yatangulie, ngoma ifuate. Karamu isiyo na majina ni tumbo tu. Na kilio kisicho na karamu kinamwachia muuaji siku zetu za Bonane kana kwamba ni mali yake. Kwa hiyo naomba mambo manne.

La kwanza: parokia ina kitabu cha wafu, kama ina kitabu cha ubatizo. Kila shirika lipite nyumba kwa nyumba, lisikilize wazazi waliobaki, liandike jina la kila marehemu, na kijiji chake, na umri wake kama unajulikana. Tusiulize alikuwa wa dini gani, maana risasi haikuuliza. Hata mtoto mchanga ambaye hakupata jina aandikwe kwa jina la mama yake. Nambari 800 inaandikwa katika ofisi. Lakini mama alizaa mtoto, hakuzaa nambari.

La pili: siku ya ukumbusho, majina yote yasomwe kwa utulivu, hata kama yatachukua saa mbili. Ndipo Misa, ndipo kwenda makaburini, ndipo chakula. Ngoma ipigwe mwisho, na wajane ndio watakaotoa ruhusa ipigwe.

La tatu: karamu isizae deni. Kila shirika lilete kilicho shambani na ziwani: muhogo, maharagwe, ndakala. Wajane na yatima wakae mbele wakahudumiwe na vijana, wala wasionekane jikoni siku hiyo.

La nne, nalo ni gumu: ukumbusho usigeuzwe kuwa mbegu ya chuki. Ripoti si hukumu ya mahakama, na damu ya Makobola bado inadai haki. Daktari Mukwege, alipopokea tuzo la Nobel mwaka wa 2018, aliomba mbele ya ulimwengu ripoti ile isioze katika mtoto wa meza. Nasi tuombe haki hiyo bila kuchoka. Lakini haki inamtafuta mtu aliyetenda. Chuki inatafuta kabila lake lote. Tarehe 13 Agosti 2004 huko Gatumba, ngambo ya mpaka, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku, wengi wao Banyamulenge. Mwezi wa Juni 2014, Mutarule, waliuawa watu zaidi ya 30. Mama wa Gatumba, mama wa Mutarule na mama wa Makobola wanalia kwa machozi ya rangi moja. Katika sala za waamini siku ile, tuwataje wote.

Wazazi wajane, nanyi nawaambia kwa heshima: hatutaki kuwafuta machozi kwa nguvu. Msipotoa ruhusa mwaka huu, ngoma itanyamaza, na tutangoja. Mwaka mwingine utakuja. Lakini kitabu cha majina kianze sasa, maana wanaoyajua majina hayo wanazeeka, na kila mzee tunayemzika anakwenda na majina mengine kaburini.

Wenye Heri wafiadini wa Baraka na Fizi watuombee. Marehemu wetu wapumzike kwa amani.