Kupashana Habari na Kubebana Mizigo: Fundisho kutoka kwa Jirani Zetu wa Ng'ambo ya Ziwa

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Songea



Huenda baadhi yenu wakashangaa kuona kwamba mada ya Haki na Amani imechukua mfano wake kwa Wapresbiteri. Katika mkoa wetu tumewazoea Waanglikana wa Liuli na pwani ya Ziwa Nyasa, tumewazoea Walutheri na Wamoraviani, lakini Wapresbiteri kwetu ni wachache mno. Hata hivyo, tukisimama Mbamba Bay tukatazama magharibi, nchi inayoonekana ng'ambo ya maji ni nchi yao. Yaliyowapata wao na Wakatoliki wenzetu kule Malawi mwaka 1992 yanajibu swali ambalo tume yetu hulikuta katika kila parokia: Kanisa moja lina wajibu gani kwa Kanisa jingine, ndugu anapopatwa na shida?

1. Habari katika Kanisa la mwanzo

Tufungue Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 11, aya ya 27 hadi 30. Tunasimuliwa kwamba manabii walitoka Yerusalemu wakashuka Antiokia, na mmoja wao, jina lake Agabo, akatoa habari ya njaa kubwa. Waamini wa Antiokia hawakuishia kusikitika. Kila mmoja alitoa kadiri ya uwezo wake kwa ajili ya ndugu wa Uyahudi, na mchango huo ukakabidhiwa mikononi mwa Barnaba na Saulo, wakaupeleka kwa wazee.

Tuangalie mambo matatu katika simulizi hili fupi. Kwanza, habari ililetwa na mtu anayejulikana kwa jina na kwa mahali alikotoka. Pili, waliosikia waliamua pamoja la kufanya. Tatu, msaada ulipita mikononi mwa watu wa kuaminika, ukafika kwa wazee wa mahali penyewe, wala haukupotelea njiani. Tuyashike mambo haya matatu, kwa maana tutayakuta tena mbele.

2. Ndugu hawa ni akina nani?

Jina la Wapresbiteri limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Katika mpango wao, mchungaji na wazee waliochaguliwa huongoza ushirika. Shirika kadhaa huunda presbiteri, na presbiteri kadhaa huunda sinodi. Kwa njia hiyo, habari ya kijiji kimoja ina mlango wa kupitia mpaka ifike kwenye kikao cha wote. Kanisa lao la Malawi liitwalo CCAP lilianza mwaka 1924, pale presbiteri za Livingstonia na Blantyre zilipoungana, na Nkhoma ikajiunga baadaye. Leo lina sinodi pia Zambia na Zimbabwe. Ile ya Zimbabwe ilikua kutokana na vibarua wa Kimalawi waliokwenda kutafuta kazi huko, na Kanisa la nyumbani likawafuata ili wasibaki yatima.

Sisi watu wa Ungoni tuna sababu ya pekee ya kuwajua. Baada ya kifo cha Zwangendaba huko Ufipa, katikati ya karne ya 19, watu wake waligawanyika. Sehemu moja ikaenda na M'mbelwa hadi nchi ya Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Wengine wakaja huku, ndiko zilikotoka himaya za Njelu na Mshope. Basi Wapresbiteri wengi wa Mzimba ni ndugu zetu wa ukoo kabla hata ya kuwa ndugu katika ubatizo. Na mmoja wa waliowapelekea Injili hakuwa Mzungu. Alikuwa William Koyi, Mxhosa wa Afrika Kusini aliyetoka shule ya Lovedale. Kwa kuwa lugha yake ilikaribiana na ya Wangoni, aliweza kukaa nao na kusikilizana nao hata palipokuwa na hatari. Alifariki kati yao mwaka 1886.

Tena kuna deni la shukrani ambalo wengi wamelisahau. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani katika nchi yetu, shirika za Wamoraviani na za Walutheri upande wa Rungwe na Unyakyusa zilibaki mikononi mwa waamini wenyewe. Wapresbiteri wa Livingstonia walivuka mpaka wakawasaidia kuzitunza. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walirudishiwa kazi yao. Wageni hawa walitunza zizi la jirani bila kubadili alama za mifugo. Je, ni wangapi kati yetu wangefanya hivyo leo?

3. Yaliyotokea mwaka 1992

Wakati huo Malawi ilikuwa imetawaliwa na chama kimoja na kiongozi mmoja, Dk. Hastings Kamuzu Banda, tangu uhuru wa mwaka 1964. Watu waliogopa kusema hata ndani ya nyumba zao. Ndipo Dominika ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992, makanisa yote ya Kikatoliki yaliposoma barua moja ya kichungaji yenye kichwa cha maana ya Kuishi Imani Yetu. Zilichapishwa nakala 16,000. Barua ilitiwa sahihi na viongozi saba wa majimbo, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre. Ilitaja mambo ambayo kila mtu aliyaona na hakuna aliyethubutu kuyatamka: pengo kati ya matajiri na maskini, mishahara duni, shule zilizofurika wanafunzi, upendeleo hospitalini, na kukosa uhuru wa kutoa maoni.

Serikali ilighadhibika. Maaskofu waliitwa na polisi wakahojiwa kwa saa nyingi. Kuwa na nakala ya barua kulihesabiwa uchochezi. Katika kikao cha chama tawala yalitolewa hata mapendekezo ya kuwaua. Monsinyori John Roche, raia wa Ireland aliyekuwa msimamizi wa kitume wa Mzuzu, jimbo linalotazamana na pwani yetu, alifukuzwa nchini mwezi Aprili.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha mada yetu. Wapresbiteri wangeweza kukaa kimya. Barua haikuwa yao, na kwa muda mrefu Kanisa lao lilikuwa limehesabiwa karibu na watawala, Dk. Banda mwenyewe alikuwa mzee wa Kanisa la Scotland. Lakini habari zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka kwa njia ya undugu wao na makanisa ya nje. Wajumbe wa Muungano wa Makanisa ya Kirefomati Duniani walikuja Malawi, wakawasikiliza wenyeji, na mwanzoni mwa Juni 1992 wao pamoja na viongozi wa CCAP walimwandikia Rais barua ya wazi. Waliunga mkono yale ambayo Maaskofu Wakatoliki walikuwa wameyasema, na wakadai mageuzi. Tangu hapo mtawala hakuweza tena kusema kwamba ni fitina ya Wakatoliki, kwa kuwa sauti ilikuwa imetoka nyumbani mwake.

Baadaye mwaka huohuo Wapresbiteri, Waanglikana, Wakatoliki, Waislamu, wanasheria na wafanyabiashara walikaa pamoja katika Kamati ya Mambo ya Umma ili kuzungumza na serikali. Mwezi Oktoba Rais alitangaza kura ya maoni. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 60 walichagua vyama vingi. Tarehe 17 Mei 1994 ulifanyika uchaguzi mkuu, na utawala ukabadilika bila vita. Wafanyakazi waliogoma, wanafunzi walioandamana na waliofungwa walikuwa na sehemu yao katika ushindi huo, na wengine walilipa kwa damu. Wala hatusemi kwamba shida za Malawi ziliishia hapo. Tunasema kwamba waliosimama mbele hawakuachwa peke yao.

4. Tunajifunza nini?

Fundisho la kwanza ni uzito wa ukweli uliopimwa. Barua ile ilitaja mambo ambayo msikilizaji aliweza kuyahakiki akitoka tu nje ya mlango wa kanisa: akaiona shule, akaiona hospitali. Laiti ingekuwa na uvumi hata mmoja, wapinzani wangeushika huo na kuyatupa mengine yote.

Fundisho la pili ni kusema pamoja. Barua ilisomwa siku moja mahali pote, ikiwa na sahihi za wote. Padre wa kigango cha mbali hakuachwa atamke maneno yake mwenyewe na kuadhibiwa peke yake.

Fundisho la tatu ni kujibu kwa jina. Wapresbiteri hawakutuma salamu za siri za kuwatia moyo Maaskofu. Waliandika, wakatia sahihi, wakaipeleka. Msaada wa gizani humfariji aliyeteswa, lakini haumzuii mtesaji.

Hatuna budi pia kusema ukweli juu ya udhaifu. Sinodi zote za CCAP hazikusimama pamoja tangu mwanzo. Ile ya Nkhoma ilijiweka nyuma ya zile mbili nyingine. Tena Sinodi ya Livingstonia na Sinodi ya Nkhoma, zilizo za Kanisa moja, ziligombania mipaka kwa miongo mingi. Tusiwacheke. Sisi nasi tunazo parokia zilizokosana kwa sababu ya kigango, na jumuiya zisizosalimiana kwa sababu ya michango ya harusi. Undugu wa mbali ni rahisi kuusifu. Ule wa mlango wa pili ndio unaotupima.

5. Na sisi hapa Ruvuma?

Mkoa wetu una historia ya kupokea majirani. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka mto Ruvuma, na makazi kama yale ya Muhukuru yaliwapokea. Wazee wetu walizijua habari za Msumbiji kwa kuwaona watu wenyewe, miguu yao ikiwa imevimba kwa safari.

Leo, tangu Oktoba 2017, mashambulizi ya kikatili yameikumba Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana na jirani zetu wa Mtwara. Maelfu wameuawa, na mamia ya maelfu wamekimbia makwao. Kuna jimbo Katoliki la Pemba huko, kuna Waanglikana, kuna Waislamu waliochomewa misikiti na nyumba. Tujiulize kwa unyofu: ni jumuiya ngapi kati ya zetu zimewahi kusoma barua au taarifa ya Kanisa la huko? Simu zetu zimejaa picha za kutisha zisizo na jina la mtumaji wala tarehe, nasi tunazisukuma mbele kabla ya kusali. Agabo alifika Antiokia kwa miguu yake mwenyewe. Hizi hatujui zimetoka kwa nani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne ambayo kila parokia inaweza kuyaanza bila kusubiri fedha.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na mtu mmoja wa habari, mwanamke au mwanamume anayeaminika, ambaye kazi yake ni kuuliza: nani ameliona jambo hili, lini, na wapi? Habari isiyo na majibu hayo isisomwe kanisani.

Pili, tusipeleke habari zetu kwa wengine siku ya kuomba tu. Parokia inayoandika pale tu bati linapoezuka, mwishowe barua zake hufunguliwa kwa uchovu. Tuandike pia mavuno yakiwa mema, tuandike kuwauliza hali.

Tatu, tuketi na makanisa mengine kabla ya msiba. Baraza la Maaskofu na Jumuiya ya Kikristo Tanzania wana Tume ya pamoja ya huduma za jamii tangu mwaka 1992, kwa ajili ya shule na hospitali. Katika ngazi ya kata, Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, ni nafasi nzuri ya kuanza. Tena tuwaalike na Waislamu tunapozungumza juu ya ardhi, bei ya mahindi na kahawa, na vikongwe wanaotuhumiwa uchawi, kwa kuwa mateso hayo hayaulizi dini ya mtu.

Nne, mwenzetu akionewa kwa kusema kweli, jina letu lionekane kando ya jina lake. Kikongwe aliyetuhumiwa anapoitwa mbele ya baraza la kijiji, viongozi wa jumuiya waende wakae naye benchi moja, hata kama ni wa dhehebu jingine. Hiyo nayo ni barua ya wazi, na kila mtu kijijini ataweza kuisoma.

Mungu awabariki, na Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Habari za Kanisa jirani hutufikia kwa njia gani? Tunazipimaje?

2. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani anayeonewa sasa hivi huku wengi wakijua na kunyamaza? Nani atakwenda kukaa naye?

3. Je, tuna ugomvi wa mipaka au wa michango na jumuiya ya jirani? Tutafanya nini kabla ya Dominika ijayo?