Goti Bandia na Mstari wa Mguu: Yapasayo Kuulizwa Kabla ya Kulipa



Mgonjwa wa goti anayetoka mwambao huu wa Ziwa Tanganyika kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 1,200. Asafiriye mbali hivyo hawezi kurudi kila mara kuuliza alichokisahau. Ndiyo maana tunawaomba muulize mapema.

Katika upasuaji huu daktari hukata ncha za mifupa zilizolika na kuweka kiungo cha chuma na plastiki. Pembe ya kukatia ni uamuzi mzito. Kiungo kikikaa upande, uzito wa mwili huelemea sehemu moja. Plastiki huweza kulika mapema na chuma kulegea.

Njia iliyozoeleka hulenga mstari mnyoofu kutoka katikati ya nyonga, kupitia goti, hadi kifundo cha mguu, na kwa kawaida huvumilia mkengeuko wa hadi nyuzi 3. Njia nyingine hufuata umbo la mguu kabla ya ugonjwa, hata aliyekuwa na matege kidogo akabaki nayo kidogo. Tafiti zilizozilinganisha hazijathibitisha kuwa moja inamfaa kila mgonjwa. Kompyuta na roboti husaidia kukata kwa usahihi, lakini mwenye kuchagua mstari ni daktari. Basi msilipe zaidi kwa sababu ya sifa za mashine pekee.

Kabla ya kutia saini, ulizeni:

1. Je, mazoezi, kupunguza uzito, dawa na mkongojo vimekwisha kujaribiwa vya kutosha?
2. Je, nitapigwa eksirei ya mguu mzima nikiwa nimesimama?
3. Mguu wangu utafuata mstari upi, na kwa nini?
4. Je, nitaweza kuchuchumaa na kupiga magoti katika ibada?
5. Gharama zote, pamoja na mazoezi ya viungo baada ya upasuaji, ni kiasi gani kwa maandishi?

Mkiruhusiwa kutoka, ombeni karatasi yenye jina la mtengenezaji, aina, ukubwa na namba ya toleo la kiungo. Itunzeni pamoja na picha zenu. Siku goti likiuma au kuvimba, daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni atahitaji kujua kilichomo ndani. Kiungo kikishukiwa kuwa na kasoro, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ndiyo inayopaswa kuarifiwa.

Kuuliza si kumkosea daktari adabu. Goti ni lenu, na fedha ni zenu.