Mcheza Kwao Hutunzwa: Muziki Uwe Kazi Katika Mikoa Yetu

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni katika kipindi cha elimu ya uraia na amani. Yamechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji.)

   

Leo nitazungumza juu ya muziki. Najua kuna mama anayenisikiliza sasa hivi na moyoni anasema: "Sisi hatuna unga, hatuna shamba, na huyu analeta habari za gitari!" Mama, una haki ya kukasirika. Nakuomba tu unisikilize mpaka mwisho, kisha uhukumu.

Siku moja nilitoka kufundisha juu ya haki za raia katika kambi moja ya wahamishwa. Kijana mmoja alinifuata njiani. Umri wake ni kama miaka 20. Gitari yake aliitengeneza mwenyewe kwa bidoni ya mafuta, na nyuzi zake ni nyaya za breki za baiskeli. Wimbo wake mmoja nilikuwa nimeusikia kabla sijamjua. Ulikuwa unapigwa kwenye harusi, ndani ya mabasi na katika simu za watu, na yeye alikuwa hajapata hata franka moja.

Akaniambia: "Mwalimu, watu wa mkubwa mmoja wamekuja kwangu. Wanataka wimbo wa kusema kwamba kabila fulani litoke katika nchi hii. Wanatoa dola 20. Nifanye nini?"

Mimi nilisoma sheria, basi nilimjibu kama mtu wa sheria. Nilimwambia kwamba tangu tarehe 7 Juni 1966 tunayo sheria nambari 66-342, inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Nilimwambia kwamba anayechochea chuki anaweza kufungwa. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Sheria nimeisikia, Mwalimu. Na sufuria ya mama yangu je?"

Sikuwa na jibu. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu nililolikosa siku ile.

Wandugu, sauti ya mwimbaji ni kitu chenye nguvu. Kama jamii haiinunui kwa kazi ya halali, atatokea mwingine wa kuinunua kwa kazi mbaya. Jirani zetu wa Rwanda walilijua hilo kwa machozi. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mwenye sifa kubwa kwao. Mwaka 2008 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15, kwa sababu mwaka 1994 alipita barabarani na kipaza sauti akiwachochea watu waue Watutsi. Mahakama ilimhukumu kwa maneno yale ya barabarani, wala si kwa nyimbo zake zenyewe. Lakini tujiulize: kwa nini watu walimsikiliza? Ni kwa sababu walikuwa wameshaipenda sauti yake. Kwa hiyo kumsaidia mwanamuziki aishi kwa kazi yake ni sehemu ya kulinda amani, sawa na kulinda daraja au kisima.

Wazee wa Kiswahili wanasema: Mcheza kwao hutunzwa. Sasa tuangalie kama sisi tumewatunza wachezaji wetu.

Mwaka 1952, katika mji ulioitwa Jadotville, ambao leo ni Likasi, mtafiti Hugh Tracey alikutana na kijana Mwenda Jean-Bosco na gitari yake. Akanasa wimbo wake "Masanga", ulioimbwa kwa Kiswahili. Wimbo ule ulifika mbali sana, mpaka Ulaya na Marekani. Mwenda mwenyewe alikwenda kupiga muziki Nairobi, na Kenya wakamjua.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978, akawa mwimbaji mkubwa wa Tanzania, na huko ndiko alikofariki mwaka 2010. Orkestra Super Mazembe ilianza kwetu, kisha mwaka 1974 ikaenda Nairobi, na sifa yake ikakua huko.

Hawa ni watoto wa upande wetu. Walitunzwa, lakini na watu wa nchi nyingine. Kwa nini walikwenda? Tusiseme upesi kwamba walipenda kuzurura. Mwanamuziki anafuata mahali penye vyombo, mahali pa kunasia wimbo, na watu wa kumlipa. Nairobi kulikuwa na makampuni ya sahani. Tanzania ilikuwa na redio ya serikali yenye studio iliyonasa nyimbo za bendi nyingi. Kulikuwa pia na bendi za mashirika ya umma. Kwa mfano, chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964. Shirika linanunua vyombo, mpigaji anapata mshahara wa mwezi kama mfanyakazi mwingine. Mwaka 1981 serikali ile ilifungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo.

Na kwetu? Kinshasa, wakati ikiitwa Léopoldville, ilipata studio ya Ngoma mwaka 1948. Zikafuata nyingine. Mwaka 1967 shule kubwa ya sanaa ya taifa ilianzishwa, nayo pia Kinshasa. Si vibaya mji mkuu kuwa na shule. Lakini kutoka Bunia, Uvira au Kalemie mpaka Kinshasa ni safari ambayo kijana masikini hawezi kuilipa. Kuvuka mpaka kulikuwa karibu zaidi. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini heshima peke yake haijazi sufuria.

Basi, tufanye nini? Nina mambo matatu.

La kwanza ni mafunzo. Kipaji ni kama mbegu. Bila kulimwa hakitoi mavuno. Na kazi ya muziki si kuimba tu. Kuna anayetengeneza gitari, kuna fundi wa sauti, kuna anayejua kuandika hesabu za kundi, kuna anayejua kunasa wimbo vizuri. Shule ndogo haihitaji jumba. Inahitaji chumba kimoja chenye kufuli, vyombo vichache, na mwalimu anayelipwa kila mwezi bila kukosa.

Na waalimu tunao. Katika makambi kuna wazee wanaojua likembe, wanaojua lulanga, wanaojua nyimbo za mavuno na za matanga za kijiji chao. Vita vimewatoa kwenye vijiji hivyo. Mzee kama huyo akifa kambini kabla ya kumfundisha mtu, tumezika shule. Mkuu wa kambi, mzee huyo unamjua jina? Mpe kivuli, kiti, na watoto 10 wa kumsikiliza. Hilo halingoji bajeti.

Tena, weka watoto wa makabila mbalimbali katika kundi moja. Mpiga ngoma hawezi kupiga bila kumsikiliza mwenye gitari. Watajifunza kungojana, na hilo ni somo kubwa la amani kuliko hotuba zangu.

La pili ni haki ya mtunzi. Watu wengi hawajui kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 46, inasema haki za mtunzi zinalindwa na sheria. Na sheria yenyewe ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, nambari 86-033. Wimbo ni mali ya aliyeutunga maisha yake yote, na baada ya kufa kwake ni mali ya warithi wake kwa miaka 50. Mama mjane ambaye mume wake alitunga nyimbo, sikia vizuri: haki hiyo haikuzikwa pamoja naye. Jeshi linaweza kuchoma nyumba yako na kula ng'ombe wako, lakini wimbo umekimbia pamoja nawe. Ni mali ambayo mhamishwa bado anayo.

Shida ni kwamba sheria iko katika karatasi na pesa ziko katika mifuko ya wengine. Mwaka 1969 nchi ilianzisha SONECA, na baadaye, mwaka 2011, SOCODA, ili kukusanya malipo ya watunzi. Wanamuziki wengi wamelalamika kwamba hawaoni kitu. Kwa hiyo tuanze na yale yaliyo mikononi mwetu. Kijana, kabla ya kunasa wimbo, andikeni karatasi moja: nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, pesa zikija zitagawanywa namna gani. Wekeni tarehe, tieni sahihi wote, kila mmoja abaki na nakala. Nimeona makundi mengi yakivunjika, na mara nyingi chanzo ni karatasi ambayo haikuandikwa. Ninyi wenye redio za mtaa, andikeni katika daftari kila wimbo mnaoupiga na jina la mtunzi. Siku ya kudai, daftari hilo litakuwa shahidi. Wenye bare na mahoteli, mnanunua bia kwa pesa. Muziki unaowaletea wanywaji, kwa nini mnaupata bure?

La tatu ni msaada wa leta. Serikali ya mkoa ina ofisi ya utamaduni. Komine, sekta na shefferi zina uwezo wao wa kisheria na bajeti zao. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imelisema hilo. Basi wakubwa, swali langu ni dogo: katika bajeti yenu ya mwaka huu, utamaduni umeandikiwa nini? Kama umeandikiwa, pesa hizo zimefika wapi? Raia wana haki ya kuuliza, nanyi mnapaswa kujibu bila kukasirika.

Mnaweza kutoa ukumbi wa komine siku mbili kwa juma. Mnaweza kupunguza kodi na vibali vingi ambavyo kundi changa linadaiwa kabla halijauza tikiti moja. Mnaweza kuandaa siku ya muziki ya mkoa, na kuwaalika majirani wa Burundi, Uganda na Tanzania. Kiswahili kinatuwezesha. Wimbo unaoeleweka Uvira unaeleweka pia Kigoma na Mombasa. Soko letu ni pana kuliko mipaka yetu.

Lakini nitoe maonyo mawili. Onyo la kwanza: msaada usiwe bei ya kusifu. Wazee wanakumbuka wakati wa Mobutu, watu wakitolewa kazini na shuleni kwenda kucheza na kumwimbia kiongozi. Pesa ya bajeti ni ya raia wote. Mkubwa akinunua gitari kwa pesa hiyo, hajafanya zawadi, na mwimbaji hana deni la kumsifu. Kijana anayelazimishwa kumsifu mkubwa leo, kesho atalazimishwa kutukana jirani. Mlango ni ule ule.

Onyo la pili: tusitegemee wafadhili peke yao. Kule Zanzibar kuna shule ya muziki iliyoanzishwa mwaka 2002, inayofundisha taarabu na ngoma za pwani. Ni shule yenye sifa. Lakini mwaka 2019 ilikaribia kufunga milango kwa sababu pesa za wafadhili zilipungua. Mfadhili anaweza kutununulia ngoma. Anapoondoka, tuwe tumeshajua ngozi mpya itatoka wapi. Kila kundi liweke kando sehemu ya mapato yake, hata kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa narudi kwako, mama niliyekuomba unisikilize. Sikusema unga uondolewe ili kununua gitari. Nasema mtoto wako mwenye kipaji anaweza siku moja kukuletea unga, kama tutamfundisha, kama hatutamwibia, na kama wakubwa watatimiza kazi yao. Na usiku atalala nyumbani, hatakuwa porini na bunduki ya mtu mwingine.

Mnataka kujua habari za kijana yule. Wimbo wa chuki hakuuimba. Wiki ile alibeba mizigo sokoni ili mama yake ale. Sitaki tumpigie makofi tu, kwa maana kukataa kulimgharimu, na wale wenye dola 20 watarudi, kwake au kwa mwingine mwenye njaa zaidi. Mara ya mwisho nilipomwona, alikuwa chini ya mti na watoto sita, wakipokezana gitari moja ya bidoni. Hakuna aliyemwagiza, hakuna anayemlipa. Shule imekwisha kuanza, wandugu. Inatungoja sisi.

Mcheza kwao hutunzwa. Wahamishwa wengi hawako kwao leo. Basi mahali tulipowapokea pawe kwao, ili nao watunzwe.

 Amani iwe katika nyumba zenu na katika mahema yenu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Katika kambi au kartie yenu, ni nani wanaojua kupiga, kuimba au kutengeneza vyombo vya muziki? Andikeni majina yao.
2. Je, kuna mtu ambaye wimbo wake unatumiwa bila malipo? Kikundi kinaweza kumsaidia namna gani?
3. Ni nani kati yenu atakwenda komine au kwa mwami kuuliza juu ya bajeti ya utamaduni? Atakwenda siku gani, na atafuatana na nani?
4. Mtu akileta pesa ili kununua wimbo wa chuki, sisi kama jamii tutamsaidiaje mwimbaji ili aweze kukataa?