Tusitangaze kifo ku kilio peke yake

Maneno yaliyosemwa Baraka mbele ya wamemba, kisha ripoti ya kasha

Prezida aliniomba niongee juu ya karatasi za mtu aliyefariki. Najua habari hii si tamu, na wengine hapa wangali na kilio nyumbani. Mutanisamehe.

Naanza na mama mmoja wa kwetu. Alinikubalia niseme mambo yake, bila jina. Bwana yake alikuwa mwalimu, mushahara ulipitia banki. Alipofariki, chama kilifanya kazi yake: sanduku, unga, mafuta, na watu walilala inje siku zote za kilio. Lakini hakuna aliyeandikia masomo, wala banki. Mwezi uliofuata mushahara uliingia kama kawaida. Shemeji alijua namba ya siri, akaenda kutosha franga. Mwezi wa pili, vilevile. Mwezi wa tatu, vilevile. Kisha kontrole ikapita, wakaona marehemu angali anakula mushahara. Waliitwa nani? Si shemeji. Aliitwa mama, yeye ambaye hakuona hata franga moja. Walimwambia arudishe kwanza, ndipo wafungue dosie yake ya mujane. Alirudisha kidogo kidogo, kwa kuuza mihogo.

Watu wengi wananiambia: "Tukisema ku banki, watafunga konti." Ni kweli, wataifunga. Wanaifunga mpaka warithi wajulikane. Lakini kwa yule mama, konti iliyofungwa ingekuwa ulinzi wake. Siku mtu anapofariki, procuration yake inakufa naye. Kujua namba ya siri hakumpi mtu haki, iwe ni banki, iwe ni M-Pesa ao Airtel Money. Zile franga ni za warithi wote.

Sasa njia yenyewe. Mukiwa bado na maiti nyumbani, mutafute karatasi ya hospitali, ao ushahidi wa chef kama mtu alifia kijijini. Kwa karatasi ile munaenda ku état civil, ku commune ao ku secteur, kuandikisha kifo. Pale ndipo munapewa acte de décès. Hii ndiyo mama wa karatasi zote, bila yenyewe hakuna mulango utakaofunguka. Muende mapema, wakati mashahidi wangali karibu. Mukipitisha muda wa sheria, itabaki kupitia tribunali, na hapo ni njia ndefu. Mutoe kopi nyingi, mupigishe muhuri. Ile ya kwanza isitoke nyumbani.

Kisha muandikie mwajiri, banki, na kampuni ya simu. Ninasema muandike. Kusema kwa mudomo hakuachi alama. Kila barua iwe na kopi mbili, moja ibaki kwao, ya pili wapige muhuri na tarehe, murudi nayo. Yule mama angekuwa na karatasi moja yenye muhuri wa mwezi wa kwanza, nadhani hakuna ambaye angemudai.

Kama marehemu alikuwa anakatwa kwa CNSS, ile tuliyozoea kuita INSS, mujane na watoto wanaweza kuomba pansio ya walioachwa. Kwa wafanyakazi wa Leta kuko CNSSAP. Na kwa sisi tuliorudi, kama jina lake liko kwenye karatasi ya familia ya kurudi nchini, mujulishe pia HCR na CNR, ili musaada usihesabiwe kwa mtu ambaye hayuko tena.

Tatizo linalotusumbua sisi zaidi ni majina. Huko Nyarugusu mtu aliandikwa Yohana, na nyuma yake jina la baba na la babu, kama Watanzania wanavyofanya. Hapa carte d'électeur inasema Jean, pamoja na postnom ambayo kambini hakuna aliyeijua. Karani anaangalia karatasi mbili na anaona watu wawili. Nimekaa kwenye benchi la ofisi siku nzima kwa sababu ya herufi moja. Basi leo, tungali wazima, kila mtu afungue sanduku lake, alinganishe majina. Kama hayafanane, murekebishe mwenyewe mungali na kinywa. Na tafazali, tusizike mtu na carte d'électeur yake mufukoni. Munacheka, lakini nimeona.

Kuko pia wale waliofia Tanzania. Cheti cha kifo cha kule kinatolewa kwa usajili wa RITA. Kama ndugu yako angali kambini, umuombe akifuatilie kule. Ni rahisi kuliko kuanza huku, hakuna mtu huku aliyeona kaburi.

Juu ya urithi nitasema kifupi, kwa sababu ndipo magomvi yanaanzia. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu za mali, sawasawa, musichana na muvulana, hata wa inje kama baba aliwatambua angali muzima. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mujane, wazazi, na ndugu wa marehemu. Mujane ana haki ya kukaa ndani ya nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Shemeji anayekuja na kufuli siku ya kuondoa kilio hafuati sheria. Lakini mujane anapashwa kuonyesha ndoa yake, na wengi wetu tuliooana kambini tuko na karatasi ya kanisa tu, ao ushahidi wa mahari. Muende kuandikisha ndoa ku état civil. Wababa, hili ni lenu. Musiache bibi zenu walitafute wakiwa na kitambaa cheusi kichwani.

Sasa ombi langu kwa komite, na kwa wafadhili watakaosoma. Kasha yetu inalipa sanduku na chakula. Hailipi njia ya kwenda Uvira, wala kopi, wala siku tatu za mujane kulala kule akingojea sinyatire. Ninaomba sehemu ndogo ya mchango wa kilio iwekwe kwa karatasi, na memba mmoja anayejua kusoma Kifaransa amusindikize mujane mpaka dosie ipokelewe. Nimeandika mfano wa barua ya banki na ya mwajiri. Uko kwa sekretere, mutabadilisha jina na tarehe tu.

Nitabaki hapa mpaka saa kumi. Mwenye dosie alete, tuiangalie pamoja. Na aje na carte yake pia.